Mbio za Matarishi: Historia Fupi ya Mashindano ya Baiskeli ya Mitaani

Wahenga wetu walisema kuwa mcheza kwao hutunzwa. Methali hii aghalabu hutajwa penye ngoma, lakini yaweza kutajwa pia barabarani. Katika insha hii nakusudia kueleza mchezo mmoja ambao wachezaji wake hucheza kwao hasa, yaani katika mitaa ile ile wanayoihangaikia kwa kazi kila siku. Nao ni mbio za baiskeli ambazo hazikuandaliwa na chama wala kampuni, bali na waendeshaji wenyewe. Watu waliozipa mbio hizo sura yake hawakutoka viwanjani. Walitoka katika kazi ya utarishi, kazi ambayo kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa ya chini, na ambayo leo karibu imesahauliwa.

Tarishi ni Nani?

Vijana wa sekondari wa siku hizi huenda wasimjue tarishi. Zamani, kabla ya simu za mkononi na mitambo ya kompyuta kuenea, ofisi zetu zilizungumza kwa barua. Barua iliandikwa kwa mkono, ikapigwa chapa, ikatiwa sahihi, nakala yake ikawekwa jaladani, kisha ikaingia katika bahasha. Hapo ndipo kazi ya tarishi ilipoanza. Alichukua bahasha zake pamoja na daftari la kupokelea, akapanda baiskeli, akaenda ofisi moja hadi nyingine. Kila alipofika, mpokeaji alitia sahihi yake daftarini. Jioni daftari lilirudi masijala, na sahihi zile ndizo zilizokuwa ushahidi kwamba kazi imefanyika.

Tarishi hodari alikuwa na elimu yake. Alijua uchochoro upi unatokea wapi, ofisi ipi hufunga mapema, mlango upi una mlinzi mkali, na mtaa upi hujaa maji wakati wa masika. Alijua mji wake kama mvuvi ajuavyo bahari. Elimu hiyo haikuandikwa katika kitabu chochote, wala haikumpandisha cheo, lakini bila hiyo shughuli za mji mzima zingelala. Tukumbuke jambo hili, kwa maana mbio ninazotaka kuzieleza ni mtihani wa elimu hiyo.

Mito Miwili

Historia ya mbio za baiskeli ina mito miwili. Mto wa kwanza ulitoka juu, kwa wenye mali. Tarehe 31 Mei, 1868, mashindano yalifanyika katika bustani ya Saint-Cloud karibu na Paris, nchini Ufaransa, na Mwingereza aitwaye James Moore anatajwa kuwa miongoni mwa washindi wake. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Novemba, 1869, Moore huyo huyo alishinda mbio za kutoka Paris hadi Rouen, mwendo wa kilomita zipatazo 123, akitumia zaidi ya saa kumi. Mbio hizo zilisaidia kutangaza chombo kipya ambacho wakati ule kilikuwa ghali mno kwa mtu wa kawaida.

Mwaka 1903, gazeti la L'Auto lilianzisha mbio za kuizunguka nchi ya Ufaransa ili kuongeza wasomaji wake. Mshindi wa kwanza, Maurice Garin, alikuwa amewahi kufanya kazi ya kusafisha mabomba ya moshi utotoni mwake. Mbio zikapata sifa kubwa, na fedha zikaongezeka. Lakini mwaka wa pili tu, yaani 1904, udanganyifu ulienea: wengine walipanda treni au kuvutwa na magari njiani. Washindi wanne wa kwanza wote, Garin akiwamo, walinyang'anywa ushindi. Hivyo hata shindano lenye wasimamizi na kanuni zilizochapishwa halikusalimika, kwa sababu uaminifu haupatikani kwa kanuni peke yake.

Mto wa pili ulitoka chini, kwa wafanyakazi. Katika mji huo huo wa Paris walikuwapo wachukuzi wa magazeti. Kazi yao ilikuwa kuchukua magazeti viwandani yakiwa bado na harufu ya wino, na kuyakimbiza kwa baiskeli hadi kwenye vibanda vya wauzaji kabla hayajachakaa habari zake. Kutokana na kazi hiyo lilizaliwa shindano lao wenyewe, lililodumu tangu mwisho wa karne ya 19 hadi miaka ya 1960. Washindani hawakwenda mikono mitupu. Kila mmoja alibeba mzigo wa magazeti wa kilo zipatazo 15, akapita nao katika mitaa ya mji, akipanda na kushuka vilima, huku watu wakimshangilia pande zote. Msomaji aone tofauti iliyopo hapa. Bingwa wa mbio za gazeti huupunguza kila mzigo ili aende kasi, lakini mchukuzi wa gazeti alishindana pamoja na mzigo wake, kwa kuwa mzigo ndio uliokuwa heshima yake.

Katazo na Matokeo Yake

Barabara ni ya watu wengi, na haukupita muda kabla ya ugomvi kuzuka. Mwaka 1894 nchini Uingereza, katika barabara iendayo kaskazini kutoka London, farasi wa mama mmoja aliyekuwa katika gari alishtushwa na washindani wa baiskeli waliompita. Washindani watatu wakaanguka, na mama akapeleka mashtaka yake polisi. Kwa kuhofia kuwa serikali ingepiga marufuku baiskeli zote barabarani, chama kikuu cha mchezo huo chenyewe kikakataza mbio za barabarani.

Je, mbio zilikoma? La, zilijificha. Mmoja wa wale watatu walioanguka, Frederick Thomas Bidlake, alitafuta njia nyingine. Mwezi Oktoba 1895 aliandaa shindano ambalo kila mtu aliondoka peke yake, akifuatwa na mwenzake baada ya muda, na saa ikawa ndiyo mwamuzi. Mtu asiyejua angemwona mwendeshaji mmoja tu akipita zake. Kwa miaka mingi washindani wa mtindo huu walivaa nguo nyeusi ili wasitambulikane, waliondoka alfajiri, na njia zao zilitajwa kwa herufi na namba za siri.

Hali hiyo ilidumu hadi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Vita vilipoleta uhaba wa petroli, barabara za Uingereza zilibaki karibu tupu. Percy Stallard, mwendesha baiskeli wa mji wa Wolverhampton, aliona kuwa wakati umefika. Aliwaandikia wakuu wa polisi wa sehemu zote ambazo mbio zingepita, akawaeleza nia yake, nao wakakubali. Chama ndicho kilichokataa. Hata hivyo, tarehe 7 Juni, 1942, washindani wapatao 40 waliondoka Llangollen, katika nchi ya Wales, kuelekea Wolverhampton, mwendo wa kilomita 95 hivi. Watu zaidi ya elfu moja walikusanyika penye mwisho wa mbio, na fedha zilizopatikana zikaenda katika mfuko wa kuwasaidia askari. Chama kilimfungia Stallard pamoja na wenzake. Mwaka huo huo wakaunda umoja wao, na vyama hivyo vilivyohasimiana havikuungana hadi mwaka 1959.

Kuna funzo moja hapa ambalo nitalirudia mbele. Kabla ya kushindana, Stallard aliandika barua. Hakuwaandikia wale waliopenda mbio, kwa maana hao hawakuhitaji kubembelezwa. Aliwaandikia wale waliokuwa na dhamana ya usalama wa wengine.

Paka wa Vichochoroni

Sasa tuingie katika mbio za matarishi zenyewe. Katika miaka ya 1970 na 1980, miji mikubwa ya Marekani na Kanada ilisongwa na magari kiasi ambacho bahasha ilifika upesi zaidi kwa baiskeli kuliko kwa motokaa. Matarishi wakawa wengi. Wengi wao walilipwa kwa kila bahasha waliyoifikisha, kwa hiyo aliyechelewa alikosa chakula. Umma uliwalaumu kwa mwendo wao, ingawa umma huo huo ndio uliotaka barua zake zifike haraka. Mwaka 1987 meya wa New York, Ed Koch, alitangaza kuzipiga marufuku baiskeli katika barabara tatu kubwa za katikati ya mji wakati wa saa za kazi. Matarishi waliandamana kwa baiskeli zao, shauri likafika mahakamani, na amri hiyo ikazuiwa.

Ni katika hali hiyo kwamba, mwaka 1989, matarishi wa Toronto nchini Kanada waliandaa mbio zao na kuzipa jina la paka wa vichochoroni. Jina hilo liliwafaa. Paka wa kichochoroni hana bwana, hujilisha mwenyewe, na hakuna ajuaye njia za mtaani kuliko yeye.

Utaratibu wa mbio hizo ulikuwa mwepesi. Washindani hukutana mahali pamoja, mara nyingi jioni baada ya kazi. Hutoa kiingilio kidogo. Kila mmoja hupewa kadi yenye namba, akaipachika katikati ya spoki za gurudumu. Kisha hupewa hati yenye orodha ya mahali pa kufika. Hakuna njia iliyochorwa: kila mtu huamua mwenyewe aanze wapi, amalize wapi na apite wapi. Kila kituo huwa na mwenzao wa kupiga muhuri au kutia sahihi katika hati, na pengine huwapo kazi ndogo ya kutimiza kabla ya kuruhusiwa kuendelea. Anayerudi wa kwanza na hati iliyokamilika ndiye mshindi.

Kwa utaratibu huu, mwenye miguu ya kasi aweza kushindwa na mwenye kuujua mji. Mgeni huona ramani, ilhali mwenyeji huona mlango wa nyuma wa soko. Zawadi zilikuwa ndogo, kama vile mfuko wa begani au tairi iliyotolewa na duka la vipuri, na katika mbio nyingi hata aliyefika wa mwisho alipewa kitu, kwa kuwa naye alimaliza kazi. Kadi ya spoki ilihifadhiwa kama kumbukumbu, nayo ilithaminiwa kuliko zawadi.

Mwaka 1993 matarishi wa nchi mbalimbali walikutana Berlin, Ujerumani, kwa mashindano yao ya kwanza ya dunia. Watu wa Toronto waliwasimulia wenzao habari za mbio zao, na mchezo ukasambaa. Mashindano ya dunia yalifuata London mwaka 1994 na Toronto mwaka 1995. Hakuna shirika kubwa lililowaagiza kufanya hivyo. Waliandikiana, wakapokeana majumbani, wakagawana chakula. Na katika mashindano hayo makubwa walichagua kutumia njia iliyofungwa isipitishe magari.

Uamuzi huo wa mwisho ulikuwa na maana, kwa kuwa mbio za mitaani zina hatari ambayo si haki kuifunika kwa maneno matamu. Mwezi Februari 2008, mjini Chicago, mshindani mmoja aliingia njia panda wakati taa ni nyekundu, akagongwa na gari, akafa. Baada ya msiba ule waendeshaji wengi walijiuliza kama furaha ya jioni moja yastahili gharama hiyo. Matarishi pia wana mchezo wa ukumbini, ambao baiskeli mbili hufungwa mahali pamoja na magurudumu yake huzunguka juu ya mapipa madogo, wenyewe wakishindana bila kusogea hata hatua moja. Huko hakuna njia panda.

Barua Niliyoiandika Mimi

Miaka mingi iliyopita sikujua lolote kuhusu Toronto. Mwaka 1991 nilikuwa karani kijana wa masijala katika mji mmoja wa wilaya. Ofisi za mji ule zilikuwa na matarishi wao, wengine wakiendesha baiskeli za Phoenix kutoka China, wengine Swala zilizotengenezwa hapa hapa nchini. Kila siku walibishana nani mwepesi. Siku moja wakaamua kumaliza ubishi. Walinijia wakasema, "Ndugu karani, wewe una maneno mazuri, tuandikie barua ya kuomba kibali." Nikaiandika, na nakiri kuwa niliionea fahari. Nilitaja afya, umoja wa wafanyakazi na sikukuu iliyokuwa inakaribia.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili: barabara si uwanja wa michezo. Nilizitia barua zote mbili katika jalada moja, nikadhani mambo yamekwisha. Kumbe hayakwisha. Jumapili moja alfajiri, matarishi walikusanyika mbele ya posta. Walikuwa wamechagua ofisi tano, na mlinzi wa kila ofisi alikubali kutia sahihi katika daftari la kila atakayefika. Njia haikupangwa. Aliyeshinda alikuwa mtu mzima ambaye sote tulimwita Mzee, mwenye baiskeli nzito kuliko zote, kwa sababu alijua kijia kilichopita nyuma ya machinjio. Niliposoma baadaye habari za matarishi wa Kanada, nilistaajabu kuona kuwa watu wawili walioachanishwa na bahari waweza kuvumbua mchezo mmoja wakiwa wamefundishwa na kazi moja.

Lakini asubuhi ile haikuishia katika kushangilia. Kijana mmoja aliteremka kuelekea sokoni kwa kasi, breki zikamshinda, akaligonga jiko la mama aliyekuwa akiuza uji. Sufuria ikapinduka, na uji wa moto ukamwunguza mama yule mguu. Matarishi walichanga fedha, wakampeleka zahanati, na wakamlipa hasara yake. Jioni tulikwenda kumwomba radhi, nami nikiwamo. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akanitazama mimi, akasema, "Mwanangu, na mimi nilikuwa kazini."

Maneno yale yamekaa nami hadi leo. Waliokataa kutoa kibali walidhani kuwa kukataa ni kuzuia, wasijue kwamba mbio zilizokataliwa hukimbilia gizani, kama zilivyofanya Uingereza. Walioshindana walidhani kuwa barabara ni yao kwa kuwa wanaijua. Nami niliyeandika barua sikuweka ndani yake hata sentensi moja juu ya watu ambao wangekuwa njiani saa ile. Niliomba kibali cha mbio, sikuomba ulinzi wa mama muuza uji. Yumkini barua iliyoomba ufungwe mtaa mmoja kwa saa moja ingepata jibu jingine.

Wajibu wa Waandaaji

Katika miji yetu mingi, hasa ya Kanda ya Ziwa kama Mwanza na Shinyanga, baiskeli bado ni chombo cha kazi: hubeba maji, mkaa, mazao na abiria. Palipo na kazi hiyo patakuwapo na vijana watakaotaka kujua nani mwepesi. Mwalimu hawezi kuizima hamu hiyo, wala haifai aizime. Yampasa aielekeze, kwa kuwa kuandaa mbio ni somo zaidi hata ya kukimbia.

Kwanza, waandaaji wawaendee wasioshindana kabla ya kuwaendea wanaoshindana: wauza sokoni, waendao ibadani, madereva na polisi. Pili, wachague saa na njia ambayo haitamkuta mtu kazini kwake, na pale isipowezekana, wafunge mtaa kwa kibali. Tatu, vyombo vikaguliwe, breki kabla ya yote. Nne, uaminifu wa hati ulindwe na washindani wenyewe, kama matarishi walivyolinda daftari lao. Tano, aliyefika wa mwisho asidharauliwe, kwa maana yeye pia alipita vituo vyote.

Hatima

Tarishi anatoweka. Barua sasa husafiri kwa umeme, na daftari la kupokelea limeliwa na mchwa katika stoo nyingi za ofisi. Lakini alituachia urithi, nao ni kuwa mtu aweza kuigeuza taabu ya kazi yake kuwa mchezo, na mchezo huo ukawa na sheria bila askari. Utamaduni wa taifa hauko katika ngoma na mavazi tu. Uko pia katika namna watu wanavyogawana barabara. Namalizia kwa ubeti huu, nikiutuma kama deni langu kwa mama yule:

Baisikeli ya chuma, mwendeshaji ana utu,
Akienda kwa kuhema, asiwasahau watu,
Barabara ya umma, ni yako, yangu, na yetu,
Asiyeumiza mtu, huyo ndiye mshindaji.